Bunda, Butiama na Musoma: nchi isiyo na kasri, yenye historia ndefu

Kila watu wana pahali wanapopahesabu kuwa kitovu cha asili yao. Wayoruba wa Nigeria wakiulizwa walikotoka hutaja Ile-Ife, mji wa kale ambako, kwa masimulizi yao, Oduduwa aliasisi ufalme, na ambako hadi leo anakaa mfalme mwenye cheo cha Ooni. Mwaka 1938 watu waliokuwa wakichimba msingi wa nyumba karibu na kasri ya mfalme huyo walikuta ardhini vichwa vya shaba vilivyosubiwa kwa ustadi wa kushangaza. Tangu hapo hapakuwa na haja ya kubishana juu ya ukongwe wa mji huo, kwani ushahidi ulikuwa umeshikwa mkononi.

Sisi wa Tanzania tukiulizwa habari za miji ya kale, ndimi zetu hukimbilia pwani: Kilwa, Bagamoyo, Pangani, Unguja. Kwa Waislamu jambo hili lina sababu yake, maana huko ndiko kwenye misikiti mikongwe na makaburi ya masheikh. Lakini tabia hii imetuletea hasara moja. Watoto wa Kiislamu waliozaliwa bara, na hasa wale wa mikoa ambako Waislamu ni wachache, wanakua wakidhani kwamba historia ni mali ya watu wengine. Huona kama wao wamefikishwa hapo na upepo, bila mizizi katika ardhi wanayoikanyaga.

Ni kwa ajili ya watoto hao tuliamua, familia chache za Mwanza zenye asili ya Mara, kuutumia muda wa likizo kwenda Bunda, Butiama na Musoma. Hatukwenda kutafuta kasri, kwa kuwa tulijua hakuna. Tulikwenda kuuliza wazee, kuangalia milima, na kusoma majina.

Bunda: mvua na moto

Barabara itokayo Mwanza kwenda Musoma inafuata pwani ya ziwa upande wa kushoto. Upande wa kulia, ukishapita Lamadi, unaanza mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na lango la Ndabaka liko kando ya barabara yenyewe. Ni pahali pachache duniani ambapo msafiri aweza kumwona nyumbu kwa dirisha moja na mtumbwi kwa dirisha la pili. Maji yale ni ya Ghuba ya Speke, iliyopewa jina la Mwingereza aliyefika ukingo wa kusini wa ziwa mwaka 1858. Tuliwaambia watoto kwamba Speke hakuja peke yake. Alikuwa pamoja na Sidi Mubarak Bombay, mtu mwenye asili ya Uyao aliyechukuliwa utumwani hadi India, akarudi Zanzibar akiwa huru, na baadaye akawa miongoni mwa waongozaji mashuhuri wa misafara katika zama zake. Ghuba ina jina la mmoja wao. La yule mwingine halimo katika ramani.

Bunda imekaa chini ya vilima vya Balili, na ni mji wa njia panda. Hapa utamsikia Msukuma, Mjita, Mkerewe, Msizaki na Mwikizu sokoni, kila mmoja akibadilisha lugha kwa kadiri ya mteja. Kutoka hapa iko barabara ya kwenda Kisorya, kwenye kivuko cha Ukerewe. Watu wa misafara ya pwani katika karne ya 19 waliwaita wenyeji wa sehemu hizi zote kwa jina moja la Washashi, na nchi yao Ushashi. Jina hilo limekwisha vinywani, lakini linatuonyesha jinsi mgeni anavyoweza kuyakusanya makabila mengi katika kapu moja kwa kutojua.

Waikizu, ambao nchi yao iko mashariki ya Bunda, wana masimulizi ya asili yanayostahili kusikilizwa na kila familia. Husimuliwa kwamba babu yao wa mwanzo aliitwa Muriho, na jina lake limebaki katika mlima Chamuriho. Kisha husimuliwa habari za Isamongo, mwindaji aliyekuwa na moto, na za Nyakinywa, mwanamke aliyekuja kutoka Kanadi katika Usukuma akiwa na elimu ya mvua. Wawili hawa walishindana nani atawale. Isamongo akawasha moto wake, na Nyakinywa akaleta mvua. Ushindani ukaisha kwa mapatano: mwanamke akawa mtemi, na jamaa za mwindaji wakabaki na sehemu yao katika mambo ya nchi. Watemi wa kwanza wanaotajwa baada yake nao ni wanawake.

Tulipokuwa tukisimulia, binti mmoja wa darasa la sita alituuliza kama ni kweli mwanamke aliweza kutawala zama hizo. Baba yake akamkumbusha habari ya malkia wa Sabaa katika Suratun Naml, aliyewashauri wakuu wake kabla ya kuamua, na ambaye hekima yake ndiyo iliyomfikisha kwa Nabii Sulaiman (a.s.) badala ya kuwaingiza watu wake vitani. Mtoto akanyamaza akifikiri. Nasi tuliona kwamba masimulizi ya Waikizu, hata kama hatuyachukui neno kwa neno kuwa ni historia, yana funzo ambalo nchi nyingi hazijalipata: wageni na wenyeji, mkulima na mwindaji, wanaweza kugombana siku moja na kukaa pamoja karne nyingi.

Na watu hawa walihitaji kukaa pamoja. Mwishoni mwa karne ya 19 nchi yote ya Mara ilipigwa na mambo manne kwa mfululizo: sotoka iliyoua ng'ombe, ndui iliyoua watu, njaa, na mashambulizi ya Wamasai. Wenyeji walipanda vilimani wakajenga kuta za mawe kuzunguka makazi yao. Mabaki ya kuta hizo yangalipo katika baadhi ya vilima, yamefunikwa na vichaka. Hayo ndiyo maghofu ya bara. Hayana mihirabu kama ya Kilwa, lakini kila jiwe lilibebwa kichwani na mtu aliyetaka mwanawe aione kesho.

Butiama: majina yanayosema

Kutoka barabara kuu, pale Makutano, unaingia mashariki na kupanda taratibu kuelekea Butiama. Hii ni nchi ya Wazanaki, nchi ya miamba mikubwa iliyobebana kana kwamba mtu aliipanga. Zamani Wazanaki hawakuwa na mfalme mmoja. Nchi iligawanyika katika sehemu kama Busegwe, Buturi na Butiama, na mamlaka yalikuwa mikononi mwa wazee wa rika na waombaji wa mvua. Rika zenyewe zilihesabiwa katika mizunguko miwili, Saai na Chuma, kama ilivyo kwa jirani zao Wakurya. Mtu alizaliwa katika mzunguko wa baba yake, na mzunguko ulimwonyesha nani amheshimu na nani atanie naye. Utemi wa kudumu uliimarishwa na wakoloni waliotaka mtu mmoja wa kumtuma kukusanya kodi. Ndivyo Nyerere Burito alivyotambuliwa na Wajerumani kuwa mtemi wa Butiama mwaka 1915.

Makazi ya mtemi huyo yako pahali paitwapo Mwitongo. Neno itongo kwa lugha za huku ni mahame, yaani pahali palipokaliwa zamani. Hapo ndipo yalipo makaburi ya jamaa, na hapo ndipo alipozikwa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere tarehe 23 Oktoba 1999, siku tisa baada ya kufariki London. Karibu yake iko makumbusho yenye jina lake, iliyofunguliwa mwaka huohuo wa 1999, miezi michache kabla ya kifo chake.

Tuliwaambia watoto wayaangalie majina. Nyerere, katika Kizanaki, ni viwavi vinavyokula mazao. Mtemi Burito alipewa jina hilo kwa sababu alizaliwa, kiasi cha mwaka 1860, wakati viwavi vimeivamia nchi. Mwanawe alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 siku ya mvua, akaitwa Kambarage, jina la pepo wa mvua katika imani ya wazee. Julius ni jina alilobatiziwa mwaka 1943, akiwa tayari kijana wa miaka zaidi ya ishirini. Basi katika majina matatu ya mtu mmoja imo historia ya karne nzima: balaa la mashamba, imani ya kale, na dini iliyokuja na shule.

Walituambia pia kwamba mtemi Burito alikuwa na wake 22, na kwamba Mgaya Nyang'ombe, mama yake Mwalimu, alikuwa wa tano. Mtoto mmoja wa kiume alihesabu kwa vidole, akanong'ona kwamba kwetu mwisho ni wanne. Kicheko kikatutoka sote, hata mwenyeji wetu. Lakini Bi Mgaya ndiye tuliyemfikiria zaidi. Aliishi hadi mwaka 1997, akamwona mwanawe akienda shule, akitawala, na akirudi kijijini kulima. Wanawake wa aina yake hawana sanamu mijini, wala majina yao hayamo katika vitabu vya shule zetu. Kazi yao ni watu waliowalea.

Husimuliwa kwamba kilichompeleka Kambarage shule ni bao. Mtemi Ihunyo wa Busegwe, rafiki wa baba yake na mtu aliyesifika kwa mambo ya mvua, alicheza na kijana huyo, akashangazwa na akili yake ya kuhesabu kete, akamshauri rafiki yake ampeleke kwa Wazungu akasome. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, akapelekwa Mwisenge, Musoma. Mapenzi yake kwa bao hayakumtoka hata alipokuwa rais.

Msomaji wa gazeti hili anajua sura inayofuata, lakini si vibaya kuikumbusha mbele ya watoto. Kijana huyo wa Kizanaki alipofika Dar es Salaam na kufundisha Pugu, hakuwa na ukoo wala kabila kubwa mjini. Waliompokea walikuwa wengi wao Waislamu: Abdulwahid Sykes, ambaye alishindana naye katika uchaguzi wa rais wa TAA mwaka 1953 na kisha akabaki naye bega kwa bega, Dossa Aziz, Sheikh Hassan bin Amir, na Bibi Titi Mohamed aliyewakusanya akina mama baada ya TANU kuundwa tarehe 7 Julai 1954. Hawakumuuliza anaswali wapi. Walimpima kwa kazi iliyokuwa mbele yao. Yaliyotokea baadaye, ya kupendeza na ya kuhuzunisha, yameandikwa na yataendelea kuandikwa. Lakini ule mwanzo ni haki ya watoto wetu kuujua, na ni haki ya watoto wa Butiama pia. Tuliupeleka kama zawadi, na wenyeji waliusikiliza kwa adabu. Mzee mmoja akasema kwamba ugenini ndugu ni yule anayekufungulia mlango.

Swali lililotusimamisha

Mmoja wa akina mama katika msafara wetu ni Mzanaki wa damu. Baba yake aliondoka kijijini akiwa kijana, akajifunza ushonaji kwa fundi Mwislamu mjini Musoma, akasilimu huko, akaoa na kuhamia Mwanza. Ndugu waliobaki ni Wakatoliki, Wasabato, na wengine wanafuata mila za wazee. Tulifikia kwa dada yake mkubwa wa ukoo, ambaye watoto walimwita mama mkubwa tangu alipofungua mlango.

Mama mkubwa alikuwa amefunga mbuzi chini ya mwembe. Hakumchinja. Alimwita mtu mzima katika msafara wetu, akampa kisu kwa mikono miwili, akasema, "Baba, chinja wewe mwenyewe, mle mkiwa na amani. Sufuria nayo ni mpya." Hakuna aliyemfundisha. Amekuwa akifanya hivyo miaka yote ndugu yake anapokuja, na kabla yake alifanya hivyo mama yake. Ugali wa mtama na muhogo ukaletwa, na mtindi kwa watoto, na samaki kutoka ziwani.

Baada ya chakula, mvulana wa miaka kumi na mmoja alimvuta bibi yake pembeni, akauliza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Bibi, hawa babu zetu waliokuwa wanaomba mvimbo wa mvua mlimani, wao ni wa motoni?"

Kimya kikaingia barazani. Mama mkubwa aliangalia mikono yake. Hili ndilo swali ambalo kila familia ya Kiislamu ya Mara inalo ndani yake, na mara nyingi tunalikwepa. Wako wanaolijibu kwa ukali, na mtoto akatoka hapo akiwadharau jamaa zake. Wako wanaolijibu kwa kulegea, na mtoto akatoka akidhani kwamba kumshirikisha Mwenyezi Mungu ni jambo dogo. Njia zote mbili zinampoteza mtoto.

Ustadhi tuliyekuwa naye alimwita yule mvulana, akamketisha karibu yake, na akamjibu mbele ya wote. Alisema kwamba wanazuoni wametufundisha kuwa Mola wetu ni mwadilifu, hamwadhibu mtu ambaye ujumbe haujamfikia, na kwamba hukumu ya babu hao iko kwa Aliyewaumba, si kwetu. Kisha akasema kwamba sisi tumefikiwa na ujumbe, kwa hiyo haturuhusiwi kuomba mvua kwa mlima wala kwa pepo. Sisi tunayo Swala ya Istisqaa, ambayo Mtume (s.a.w.) aliiswalisha, akaomba mpaka mvua ikanyesha. "Lakini angalia," akamalizia, "babu zako walipokosa mvua hawakugombana, walikusanyika. Hilo la kukusanyika tumelirithi. Lile la kumwomba asiyekuwa Allah tumeliacha. Na jamaa zako wote, wanaoswali na wasioswali, wana haki ya udugu juu yako."

Mama mkubwa aliinua uso. Alisema maneno machache kwa Kizanaki, ambayo dada yake alitufasiria: "Mtoto huyu mleteni tena." Sisi tuliona kwamba hapo ndipo safari yetu ilipolipa.

La kushika na la kuacha

Tusifiche lingine. Kusifia utamaduni ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni kuuchambua. Katika sehemu kadhaa za Mara ungaliko ukeketaji wa wasichana, na msimu wake hufuata likizo za mwisho wa mwaka. Sheria ya nchi ilipiga marufuku jambo hili kwa wasichana wa chini ya miaka 18 tangu mwaka 1998. Hata hivyo wako wazazi wanaowavusha mabinti usiku, na zipo nyumba salama Butiama na Mugumu zinazowapokea watoto wanaokimbia. Msichana anayekimbia usiku kutoka kwa mama yake mzazi amekwisha kubebeshwa mzigo mzito kuliko umri wake.

Familia za Kiislamu zisidhani kwamba suala hili haliwahusu. Mabinti zetu wanakwenda likizo kwa bibi na shangazi, na shinikizo la rika haliulizi dini. Mzazi azungumze na ndugu zake waziwazi kabla ya likizo, kwa heshima, bila matusi. Katika baraza la mama mkubwa tulizungumza. Yeye mwenyewe alisema kwamba wajukuu zake hawakukeketwa na hawatakeketwa, kwa kuwa alikwisha kumzika msichana aliyetokwa damu. Hakuongeza neno, wala sisi hatukuuliza zaidi.

Kwa hiyo tukawagawia watoto kazi ndogo jioni ile. Wachore mistari miwili katika daftari: upande mmoja waandike mambo ya wazee yanayofaa kushikwa, na upande wa pili yanayofaa kuachwa. Upande wa kwanza ulijaa upesi: kuheshimu rika, kumlisha mgeni kwa jinsi anavyoweza kula, kusuluhisha ugomvi kwa mapatano, kuhifadhi chakula katika vihenge kwa ajili ya njaa, kuwajua jamaa kwa majina. Upande wa pili ulikuwa mfupi, lakini waliuandika kwa herufi kubwa.

Musoma: rasi na ziwa

Musoma iko kwenye rasi inayoingia ziwani, na jina lenyewe linatokana na neno la Kikwaya, omusoma, lenye maana ya ulimi wa nchi kavu unaoingia majini. Pande tatu ni maji. Upepo wa ziwa haukatiki, na miamba ya ufukweni imelundikana mpaka mtu anajiuliza nani aliyeibeba. Mbele ni Ziwa Nyanza, ambalo ramani huliita Victoria, lenye eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, ziwa la pili kwa ukubwa kati ya maziwa ya maji matamu duniani. Kaskazini ya mji ni Ghuba ya Mara, ambamo mto Mara humwaga maji yaliyotoka nyanda za juu za Kenya na kupita Serengeti.

Uislamu ulifika katika pwani hizi kwa njia ya maji na biashara. Kusini ya hapa, Ukerewe, alikuwapo katika miaka ya 1870 mfanyabiashara Songoro, aliyekuwa akijenga jahazi la kuvukia ziwa hadi alipouawa huko Desemba 1877. Upande wa pili wa ziwa, Buganda, dini ilikwisha kufika zamani zaidi, na wafanyabiashara Waislamu walikuwa wakiingia katika ikulu ya Kabaka tangu miaka ya 1840. Musoma ilipokuwa mji wa serikali na bandari, walikuja mabaharia, askari, makarani, mafundi cherehani, wapishi na wenye maduka: Waswahili wa pwani, Wamanyema, na Wahindi, wakiwamo Makhoja waliojenga jamaa yao hapa. Kiswahili cha mjini kilikuja nao. Hawakuwa masheikh wakubwa wa kuandikwa vitabuni. Walikuwa watu wa kazi za mikono, wakaidhihirisha dini yao kwa uaminifu wa mizani na kwa kufungua vyuo vya Qur'an barazani. Yule fundi aliyemfundisha kazi baba wa mwenzetu alikuwa mmoja wao.

Tuliswali Adhuhuri mjini, kisha tukatembea Barabara ya Mukendo, mtaa mkuu wa biashara, hadi Mwigobero, kwenye soko na mwalo. Wanawake walikuwa wakigeuza dagaa juani. Usiku, taa za wavuvi wa dagaa hutapakaa juu ya maji mpaka mtu akadhani kuna mji wa pili ng'ambo. Wavuvi wazee walitueleza kwamba zamani walivua furu na ningu, na kwamba sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, alikula wengi wa samaki hao, akaleta viwanda na fedha, na sasa naye anapungua. Wajukuu wao hawamjui ningu kwa macho. Tulisikia hapo jambo lilelile la vilimani: kitu chaweza kutoweka katika kizazi kimoja wakati kila mtu yuko kazini.

Shule ya Msingi Mwisenge iko palepale. Watoto walisimama katika uwanja ambao kijana wa Butiama aliufikia mwaka 1934 bila kujua neno la Kiingereza. Tuliwaeleza kwamba Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini humu na kutoa Azimio la Musoma, lililotaka kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya msingi kabla ya mwisho wa mwaka 1977. Madarasa yalijengwa kwa nguvu za wananchi, walimu wakafunzwa kwa haraka, na kasoro zilikuwapo. Lakini wako akina mama wa Kiislamu katika msafara wetu huu huu walioingia darasani kwa sababu ya azimio hilo, wakati baba zao walikuwa hawajashawishika kwamba binti anahitaji kalamu. Mji mdogo ulioko kwenye rasi ulibadilisha nyumba zao kabla hawajawahi kuuona.

Kazi iliyobaki

Tumeanza na Ile-Ife, na tuna sababu. Miongoni mwa Wayoruba, Waislamu na Wakristo hukaa katika ukoo mmoja, mara nyingi katika ua mmoja, na mji wao wa Ilorin umesifika kwa vyuo vya elimu ya Kiislamu. Mwislamu wa Kiyoruba hahitaji kuusahau mji wa asili yake ili awe Mwislamu kamili. Anajua alikotoka na anajua anakoelekea. Suratul Hujurat imetufundisha kwamba mataifa na makabila yamewekwa ili watu wajuane, na hakuna ajuaye wengine kama hajijui mwenyewe.

Mara hakuna vichwa vya shaba vya kuchimbuliwa. Hazina ya huku imo vifuani mwa wazee, na kifua hakichimbuliki kikishafukiwa. Mzee David Musuguri, jenerali wa jeshi letu na mzaliwa wa Butiama, aliondoka Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104. Kwa kila mzee wa aina yake anayezikwa kwa heshima za taifa, wako wengi wanaozikwa kimya na masimulizi yao.

Kwa hiyo tunawaomba wasomaji, hasa familia za bara, mambo matatu mepesi. Kwanza, kila nyumba iandike shajara ya ukoo: majina ya mababu mpaka pale kumbukumbu inapokoma, maana ya majina hayo, na nani alisilimu kwanza na kwa mkono wa nani. Pili, watoto wapelekwe kwa jamaa wasiokuwa Waislamu, wakiwa na mzazi, wakiwa na zawadi, na wakiwa wamefundishwa adabu ya kukataa wasichoweza kula bila kumvunjia mwenyeji heshima. Kuunga udugu ni amri, na haikuwekewa sharti la dini ya ndugu. Tatu, misikiti ya miji kama Musoma na Bunda iwakalishe wazee wake na kuwaandika: nani alitoa kiwanja, nani alichoma tofali, nani alifundisha alifu kwa kijiti. Hiyo nayo ni wakfu, ingawa haina saruji.

Yule mvulana aliyeuliza swali ameanza daftari lake. Ukurasa wa kwanza una majina sita, kutoka lake mpaka la babu aliyezaliwa mwaka wa njaa. Chini yake ameacha mistari mitupu, na amesema ataijaza mama mkubwa.